Mita 60 Zinaanzia Wapi? Sheria Ndogo za Vijiji na Ulinzi wa Mabonde ya Maji



Katika ziara za Idara ya Miradi majimboni, swali ambalo kamati za maendeleo za sharika hutuuliza kuliko mengine ni hili: "Hizo mita 60 zinaanzia wapi?" Wengine huuliza kwa sababu wanataka kupanda miti. Wengine huuliza kwa hofu, kwa sababu mtendaji wa kijiji amekwisha kupita bondeni na kamba. Nao marafiki zetu wanaochangia miradi ya mazingira hutuuliza swali la upande wa pili: kama sheria ipo, kwa nini watu bado wanalima hadi ukingoni mwa maji, na kwa nini dayosisi inaomba fedha za vikao badala ya fedha za miche?

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa pamoja, maana yanakutana mahali pamoja. Mita 60 zilizomo katika sheria ya nchi hazilindi bonde lolote mpaka kijiji chenyewe kizipime, kiziandike katika sheria ndogo yake, na kiamue yule aliyekuwa akilima pale atakula nini.

Bonde lina kazi mbili

Kwa msomaji asiyezifahamu Nyanda za Juu Kusini, tuanze na kinyungu. Hii ni bustani inayolimwa katika bonde lenye unyevu wakati wa kiangazi. Mvua zetu hukoma kati ya Aprili na Mei. Mashamba ya mlimani yakikauka, udongo mweusi wa bondeni hubaki na maji. Mkulima huchimba mifereji ya kutoa maji yaliyozidi, huinua matuta, kisha hupanda mahindi, maharage, viazi mviringo, kabichi na mboga nyingine. Mazao ya vinyungu huwahi. Familia hula mahindi mabichi ya bondeni wakati yale ya mlimani yangali machanga na ghala limebaki vumbi. Ada za shule, sare, nauli ya kwenda hospitali na, tuseme ukweli, sehemu nzuri ya sadaka ya mavuno katika sharika nyingi za huku hutoka bondeni.

Bonde hilo hilo ndilo ghala la maji. Matete, mafunjo na nyasi zake huipokea mvua, huishika kama sifongo, na kuiachia polepole katika miezi ya ukavu. Mfereji wa mkulima huitoboa sifongo hiyo. Udongo mweusi wa mabonde yetu umejaa mabaki ya mimea iliyooza kwa miaka mingi sana. Ukikaushwa hunywea, na ukishanywea haurudi kushika maji kama ulivyokuwa. Ndiyo maana mzee anaposema kwamba chemchemi ya ujana wake ilikuwa juu zaidi kuliko ilipo sasa, tusidhani anatia chumvi.

Maji hayo hayaishii kijijini. Mto Ndembera, kwa mfano, huanzia Mufindi, hushuka hadi Usangu na kuingia katika ardhi oevu ya Ihefu. Kutoka Ihefu maji huendelea kwa jina la Ruaha Mkuu, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha huingia Rufiji na kufika Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Wataalamu waliochunguza jambo hilo walielekeza kidole kwanza kwenye maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu, wala si kwenye vinyungu vya milimani. Kwa hiyo mkulima wa kinyungu akilalamika kwamba anabebeshwa mzigo wa mwingine, ana hoja. Lakini kisima cha kijiji chake mwenyewe hakilishwi na Usangu. Kinalishwa na bonde lile lile analolitoboa.

Ukanda wa hifadhi unafanya nini

Ukanda wa hifadhi ni kipande cha ardhi kinachoachwa bila kulimwa kati ya shamba na maji. Mvua kubwa inaponyesha mteremkoni, maji hushuka yakiwa yamebeba udongo, mbolea, dawa za kuulia wadudu na kinyesi cha mifugo. Yakikuta nyasi nene hupunguza kasi, na maji yaliyopunguza kasi huangusha mzigo wake. Fosforasi ya mbolea hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo udongo ukinaswa, nayo imenaswa. Naitrojeni husafiri ikiwa imeyeyuka ndani ya maji, na hiyo huchukuliwa na mizizi pamoja na vijidudu vya ardhini. Mizizi hushika pia ukingo usimomonyoke.

Tuone basi kwamba kinachofanya kazi hapa ni majani yaliyoshikana chini, kuliko wingi wa miti. Hapa miradi mingi ya upandaji miti imepotea njia. Mikaratusi, au milingoti kama wengi wetu tunavyoiita, ikipandwa bondeni hukua haraka na kupendeza katika picha za taarifa. Hunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazistawi vizuri, hivyo maji ya mvua hupita juu ya ardhi tupu. Mlingoti una mahali pake, juu mlimani, kwa nguzo, mbao na kuni. Kwenye chanzo cha maji, maofisa misitu hushauri miti ya asili iliyozoea mahali pa maji, na katika maeneo yetu mivengi ndiyo inayojulikana zaidi. Mvengi hukua polepole. Mfadhili anayetaka kuona msitu baada ya miaka mitatu atavunjika moyo, na ni afadhali tumwambie mapema.

Sheria inasema nini, na haisemi nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto, bwawa au lambo. Hiyo ndiyo mita 60 inayotajwa kila mahali. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilikwisha kuitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa kuwa miongoni mwa ardhi za hatari, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Katika orodha hiyo hiyo yamo maeneo oevu.

Someni tena kifungu cha 57 kwa utulivu. Kinataja mto, ziwa, bahari, bwawa. Bonde lenye matope lisilo na mto unaoonekana, ambalo ndilo umbo la mabonde yetu mengi, halikutajwa humo. Maeneo oevu yana kifungu chake, cha 56, kinachompa Waziri mamlaka ya kulitangaza eneo oevu kuwa eneo lindwa na kuweka masharti ya matumizi ndani yake na pembezoni mwake. Hilo ni jambo zuri kwa bonde kubwa lenye sifa kitaifa. Bonde la Kilombero, kwa mfano, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yenye umuhimu mkubwa. Lakini hakuna waziri atakayepata nafasi ya kutangaza kila kibonde cha kila kitongoji. Pengo hilo huzibwa na kijiji, kwa kutumia mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo.

Jambo la pili ni hilo neno "za kudumu". Nyumba, choo, zizi, tanuru la matofali na kiwanda cha mbao havina ubishi. Bustani ya mboga je? Mtu anaweza kusema kabichi si kitu cha kudumu, na atakuwa na haki kwa nusu ya sentensi. Nusu ya pili ya kifungu inahusu shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi, hata kama ni za msimu, na kulima hadi ukingoni kwa mifereji na dawa ni vigumu kukutetea. Siku hizi limezuka pia suala la parachichi. Bei yake imewavuta wengi, na wapo wanaoipanda bondeni karibu na maji wakisema kwamba ni mti, hivyo nao wanahifadhi. Parachichi ni zao la kudumu, humwagiliwa, hupigwa dawa. Halina msamaha wowote kwa sababu tu lina matawi.

Majirani zetu wamechukua njia nyingine. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinatofautisha: mita 200 kwa maziwa makubwa yaliyoorodheshwa, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Kenya, katika kanuni zake za maji za mwaka 2007, iliufuata upana wa mto wenyewe, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande. Binafsi naona utaratibu wa kupima kwa ukubwa wa maji una busara, kwani kijito cha kuruka kwa hatua moja na Ruaha Mkuu si kitu kimoja. Lakini sheria yetu ni mita 60, na kijiji hakina mamlaka ya kuipunguza. Kijiji kinaweza kuongeza, kwa mfano mita 100 kuzunguka chemchemi inayolisha bomba la kijiji. Msiandike kamwe katika sheria ndogo kwamba kulima kunaruhusiwa kuanzia mita 30. Sheria ndogo haiwezi kuruhusu kile ambacho sheria ya Bunge imekikataza, na ikifika kwa mwanasheria wa halmashauri itarudi.

Ekari 30

Sasa tufanye hesabu ambayo katika semina nyingi huachwa. Chukua kijito kinachopita katika kijiji kwa urefu wa kilomita moja tu. Mita 60 kila upande ni upana wa mita 120. Zidisha kwa mita 1,000: ni mita za mraba 120,000, yaani hekta 12, ambazo ni karibu ekari 30. Kama kinyungu cha kawaida ni robo ekari, basi tumewaambia wenye vinyungu 120 waache kulima, kwa kilomita moja ya kijito. Na si ekari 30 zozote. Ni zile pekee zinazotoa chakula mwezi ambao mlima hautoi kitu.

Tukiiona hesabu hiyo tutaelewa kwa nini katazo linalotoka juu halidumu. Mwaka 2006 Serikali ilitoa mkakati wa hatua za haraka za kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji, na kulima katika vyanzo vya maji lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyolengwa. Nia ilikuwa njema na sababu zake zilikuwa za kweli. Lakini katazo likifika bondeni bila kitu kingine, huwa na tabia moja: mwenye nguvu huhama kwa muda na kurudi, asiye na nguvu huhama moja kwa moja. Mjane mwenye robo ekari hana shamba jingine la kukimbilia, hana pampu ya kupandisha maji mlimani, na hana ndugu katika halmashauri ya kijiji. Baada ya misimu miwili utakuta kipande chake kimelimwa na mtu mwingine. Wasomaji watakumbuka shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka lile shamba la mizabibu alifanye bustani ya mboga. Kamati zetu zisiwe njia ya jambo la namna hiyo kutokea chini ya jina la mazingira.

Kwa hiyo, swali la kwanza la kamati liwe: nani analima hapa, na ana nini kingine? Orodha ya majina ije kabla ya kamba. Andikeni kila mwenye kinyungu, ukubwa wake, kama ana shamba la mlimani au hana, na kama ni mwanamke andikeni jina lake yeye, si la shemeji yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Orodha hiyo itawasaidia baadaye kuliko ramani.

Kupima na kutunga

Tukirudi kwenye swali la mwanzo: mita 60 zianzie wapi? Kwa mto, zianzie ukingoni, si katikati ya maji. Kwa bonde la matope ushauri wetu ni kupima wakati maji yamejaa, Machi au Aprili, na kuanzia mahali ambapo mimea ya maji inakoma na udongo mweusi unabadilika rangi. Ukipima Oktoba utaanzia mahali ambapo maji yamerudi nyuma, na utakuwa umehifadhi nusu ya bonde. Kamba ya mita 20 hutosha, ikivutwa mara tatu. Kwenye mteremko kamba ishikwe ikiwa imenyooka sawa na usawa wa ardhi tambarare; ukiilaza juu ya mteremko, mita zako zitakuwa pungufu. Alama ziwe za kuonekana: mti wa aina moja uliopandwa kila baada ya hatua kadhaa, au jiwe lililopakwa rangi. Mkiwa na kifaa cha GPS ni vizuri, lakini mwanakijiji hatembei nacho. Mti anauona.

Wapimaji wawe Kamati ya Mazingira ya Kijiji, ambayo ipo kwa mujibu wa sheria ile ile ya 2004, pamoja na wazee wanaoijua mipaka na wenye vinyungu wenyewe. Kanisa lisipime. Mchungaji au mwinjilisti aweza kuwepo, na uwepo wake hupunguza maneno makali, ila kamba isiwe mkononi mwake.

Kisha ndipo huja sheria ndogo. Mamlaka ya kijiji kutunga sheria ndogo yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji huijadili, na Halmashauri ya Wilaya huithibitisha. Kabla ya kuthibitishwa bado ni makubaliano tu. Ni ya heshima, lakini hayatoshi kumtoza mtu faini. Sharika nyingi hukwama hapa. Rasimu hupelekwa wilayani, hukaa mezani, diwani hubadilika, na kijiji huanza kutoza faini kabla ya wakati. Mtu mmoja mwenye kujua haki zake akienda mahakamani, kazi ya miaka miwili huanguka. Fuatilieni rasimu yenu kwa mtendaji wa kata na kwa mwanasheria wa halmashauri kila mwezi, bila kuchoka, kama mjane yule wa Injili ya Luka alivyomfuatilia kadhi.

Ndani ya rasimu, sehemu ya makatazo huwa fupi, kwani imekwisha kuandikwa na Bunge: kutolima, kutojenga, kutochimba mifereji, kutochoma moto, kutolisha mifugo, kutopanda milingoti. Tumieni muda wenu mwingi kwenye sehemu ya ruhusa. Vijiji vinaweza kuruhusu kukata majani kwa mkono, kuweka mizinga ya nyuki, kuchuma dawa za asili na ukindu, kuteka maji kwa njia maalumu, na kunywesha mifugo mahali palipotengwa. Hapa ndipo mwenye kinyungu anaporudishiwa kitu. Ushauri wetu ni kwamba kipande cha ukanda kilicho mbele ya kinyungu cha mtu kiwe chake kwa ajili ya majani na mizinga, na jambo hilo liandikwe. Katika sharika zenye ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani, majani ya kiangazi ni fedha. Mjane mwenye haki ya kukata majani bondeni ana kitu cha kuuza kwa jirani yake mwenye ng'ombe, na ana sababu ya kumfukuza anayekuja na jembe. Mlinzi wa namna hiyo hahitaji posho.

Nje ya mita 60 ndiko kilimo kipelekwe: makinga maji yaliyopandwa mabingobingo kwenye kingo zake, samadi, mbegu zinazowahi, na matangi ya kuvuna maji ya mvua kwenye paa. Hayo hayalingani na kinyungu kwa mavuno ya mwezi wa njaa, angalau si katika miaka ya mwanzo, na tusiwadanganye watu kwamba yanalingana. Ndiyo maana kijiji kikipanga kuhama kwa awamu, kwa kuanzia kwenye chemchemi na vyanzo vya bomba kisha kuteremka, kazi hufanyika kwa amani zaidi. Pale ambapo nyumba imekwisha kujengwa ndani ya ukanda, msiguse kitu kabla ya kupata ushauri wa kisheria wa wilaya. Kuhamisha makazi ya mtu ni jambo jingine kabisa, lenye masuala ya haki na fidia ambayo sheria ndogo ya kijiji haiwezi kuyabeba.

Migogoro itakuwepo. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa sheria ya mwaka 2002 lina wajumbe saba na kati yao watatu lazima wawe wanawake, lina kazi ya kusuluhisha. Litumieni kabla ya kwenda mbali.

Kanisa nalo lina mashamba

Usharika ni mwanakijiji kama wengine. Kuna mashamba ya sharika yanayofika majini, kuna milingoti ya Kanisa iliyo juu ya chemchemi, na kuna bustani za vikundi vya vijana zinazosifiwa katika taarifa za mwaka huku zikiwa mita 10 kutoka ukingoni. Kamati ikisimama katika Mkutano Mkuu kuunga mkono mita 60 wakati milingoti ya usharika inaonekana dirishani, watu watacheka, na watakuwa na haki ya kucheka. Wazee wa kanisa waanze kwa kupima shamba la usharika. Milingoti iliyo ndani ya ukanda ikikatwa, mbao zake zaweza kugharimia kazi hiyo yote.

Kuna jambo jingine ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Zamani chemchemi zililindwa na miiko. Palikuwa na miti ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, na mahali ambapo hapakuingia jembe. Sisi Wakristo tuliiacha miiko ile pamoja na matambiko yaliyoambatana nayo, na katika sehemu nyingi hatukuweka kitu mahali pake. Sidhani tunahitaji kurudi kwenye tambiko ili kuheshimu chemchemi. Katika sura ya pili ya Mwanzo mwanadamu anawekwa bustanini alime na kuitunza, na kazi hizo mbili zimetajwa kwa pumzi moja. Darasa la kipaimara linaweza kupewa chemchemi moja ya kuitunza kwa miaka yao yote miwili ya mafundisho, na hilo halihitaji bajeti.

Kwa marafiki wanaochangia

Mkisoma katika andiko la mradi "vikao vya vijiji, usafiri wa maofisa wa wilaya, uchapaji wa sheria ndogo", tunajua ni rahisi kukunja uso. Miche inahesabika na vikao havipigiki picha nzuri. Lakini mche uliopandwa katika ardhi ambayo kijiji hakijakubaliana juu yake ni chakula cha mbuzi. Tunaomba mtupime kwa mambo mengine: je, orodha ya wenye vinyungu ipo? Je, sheria ndogo imethibitishwa na Halmashauri ya Wilaya, au bado iko mezani? Je, waliopoteza vinyungu wana majani, mizinga au shamba jingine? Je, alama za mipaka bado zipo baada ya misimu miwili ya kilimo? Na tunaomba muda. Kutoka kikao cha kwanza hadi sheria ndogo kuthibitishwa, mradi wa mwaka mmoja huwa umekwisha kufungwa na ripoti yake kutumwa.

Kamati za sharika zinazotaka kuanza katika robo ijayo zilete ofisini kwetu, kupitia kwa Mkuu wa Jimbo, vitu vitatu: orodha ya wanaolima katika bonde linalohusika, mchoro wa mkono wa bonde hilo ukionyesha chemchemi na mipaka ya usharika, na nakala ya muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji uliojadili suala hilo, wenye sahihi ya mwenyekiti na mtendaji. Barua ya mchungaji peke yake haitoshi. Kijiji ambacho bado hakijaitisha mkutano kiitishe kwanza. Sheria inataka mikutano hiyo ifanyike kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo nafasi haiko mbali.